Mwalimu Apewe Jembe Jepesi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Lakini mwalimu aliye na kipindi cha dakika 40 hana budi kuchagua, kwani zana mbovu ikimpotezea dakika 15, hakuna atakayemrudishia.

Shule zenye tarakilishi kuukuu zimepata nafuu katika Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na ambao aghalabu hauna ada ya leseni. Hata hivyo, baadhi ya matoleo yake hayana uwezo wa kusoma kila aina ya video, kwa sababu ya masuala ya hataza. Mwalimu wa Biolojia hufungua video ya moyo unavyodunda, akaambulia kioo cheusi na vicheko vya wanafunzi. Kesho yake hurudia chaki, na tarakilishi hugeuka pambo la maabara.

Tiba ipo, tena haina gharama. Programu iitwayo VLC hubeba ndani yake uwezo wa kusoma takriban kila aina ya video. Ilichipuka mwaka wa 1996 mikononi mwa wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa, waliotaka kupeperusha video katika mtandao wa chuo chao. Mwaka wa 2001 chuo kiliridhia itolewe kwa umma chini ya leseni huria.

Atakaye wepesi zaidi atumie mpv. Programu hii haina msururu wa vibonye vya kumkanganya mtu. Kibonye cha nafasi husimamisha picha, mshale wa kushoto huirudisha nyuma sekunde tano, na alama ya mabano ya mraba hupunguza kasi au kuiongeza. Mwalimu anayefunza matamshi ahitaji nini tena?

Hata hivyo, programu pekee haitoshi. Video iliyobanwa kwa mtindo mpya wa HEVC huilemea tarakilishi kongwe, ikakwamakwama hata ndani ya kichezaji bora. Kwa hivyo, wanaotayarisha video za masomo watoe pia nakala ndogo za H.264, zenye mistari 480, ambazo mashine dhaifu huzimudu. Walimu wakuu nao wahakikishe programu na video vimewekwa na kujaribiwa kabla ya muhula kuanza, si wakati wanafunzi wamekwisha kuketi.

Nanyi wanafunzi, msitosheke na kutazama tu. Leseni huria humruhusu yeyote kuichunguza programu, kuirekebisha na kuitafsiri kwa Kiswahili. Waliounda VLC walikuwa wanafunzi kama ninyi, wakitatua tatizo la chuo chao wenyewe. Matatizo ya shule zetu yanawasubiri ninyi, na jembe la kuyalimia tayari limewekwa mlangoni bila malipo.