Tangi la samaki la kuagiza: tupime mali, kioo na mkataba wa fundi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wa nchi kavu na wa baharini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, limeenea hivi sasa katika nyumba za wenye nafasi jambo la kuagiza kwa fundi tangi kubwa la samaki wa mapambo, lenye vipimo vya ukuta wa sebule, na wengi wanaotujia huuliza swali moja tu: je, yajuzu?

Kwa hakika hilo ndilo swali jepesi. Wanazuoni wameichukua hadithi mashuhuri ya mtoto Abu Umayr na kindege wake, aliyoisimulia Anas bin Malik (R.A.), kuwa ni dalili ya ruhusa ya kufuga kiumbe kwa ajili ya kufurahika naye, ili mradi alishwe na asiteswe. Swali zito, ambalo hatujaulizwa na wengi, ni hili: tangi litagharimu nini kwa ukweli wake, litajengwa kwa kitu gani, litawekwa wapi, na mmeandikiana nini na fundi? Humo ndimo mali inamopotea, na humo ndimo majirani wanamoharibikiwa.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio unaosahauliwa. Chukua tangi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 70. Likijaa litachukua lita 980, na lita moja ya maji ni kilo moja. Tayari una karibu tani nzima ya maji, kabla hujahesabu changarawe, mawe na meza. Kioo chenyewe, kikiwa cha milimita 15, kitakaribia kilo 190. Jumla yake ni kama tani moja na robo iliyokalia eneo lisilofika mita moja na nusu ya mraba. Kanuni za ujenzi zilizotoka Uingereza, ambazo wahandisi wetu wengi wamesomeshwa kwazo, hukadiria sakafu ya ghorofa ya kuishi ibebe takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Tangi hilo linadai zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Mwenye kukaa chini, juu ya zege lililolala ardhini, hana hofu kubwa. Lakini mwenye kukaa ghorofa ya tatu, ambaye chini yake kuna familia iliyolala, hana haki ya kujaza tani ya maji juu ya vichwa vyao kabla hajamwita mhandisi aitazame sakafu. Tunasema hana haki, wala hatusemi si vizuri tu. Kumdhuru jirani hakuhalalishwi na uzuri wa sebule.

Jambo la pili ni kimo. Watu wengi hudhani kwamba kinachosukuma kioo ni wingi wa maji. Sivyo. Msukumo wa maji hufuata kina, na nguvu inayoegemea kioo cha mbele hukua kwa mraba wa kina hicho: ukizidisha kimo mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Katika tangi tulilolitaja, kioo cha mbele kinaegemewa na nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 490. Punguza kimo hadi sentimita 50, urefu ukiwa uleule, na nguvu hiyo inashuka hadi kama kilo 250, yaani nusu. Kioo kinaweza kuwa chembamba, bei inateremka, na hatari inateremka pamoja nayo. Zaidi ya hayo, samaki hupata hewa yao kupitia uso wa maji, basi upana huwafaa kuliko kimo, na mkono wa mwenye kusafisha hufika chini bila ya kupanda kiti. Kwa maoni yetu, anayeagiza tangi refu la kwenda juu analipa fedha nyingi kwa ajili ya macho ya wageni, na samaki wenyewe hawapati chochote katika fedha hizo.

Sasa tufikie kitu cha kujengea. Njia ni mbili: kioo cha kawaida kilichounganishwa kwa silikoni, au akriliki, ile plastiki ngumu yenye kung'aa ambayo wachora mabango wetu wanaijua vizuri. Akriliki ina sifa za kweli. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa uleule. Haipasuki kwa kishindo kidogo cha mpira wa mtoto. Hupitisha mwanga vizuri, wala haina ule ukijani unaoonekana katika kioo kinene, ukijani unaotokana na chuma kilichomo katika mchanga wa kutengenezea kioo. Hukunjwa ikawa na pembe za duara, na maungio yake, yakiunganishwa kwa dawa yake na fundi anayeijua kazi, huwa kama kipande kimoja.

Lakini ina aibu zake, na muuzaji hazitaji. Hukwaruzika kwa urahisi mno. Punje moja ya mchanga katika sifongo ya kusafishia inatosha kuacha mstari utakaoutazama kwa miaka. Ni kweli kwamba mikwaruzo hiyo inaweza kusuguliwa ikaondoka, jambo ambalo kwa kioo ni gumu, lakini ya ndani inakutaka upunguze maji au umwite mtu mwenye zana. Ukiifuta kwa dawa za kusafishia madirisha zenye amonia au spiriti, hufanya nyufa ndogondogo kama nywele. Kisha ni laini: chini ya msukumo wa maji hujikunja kuliko kioo, kwa hiyo tangi kubwa hutaka ubao mnene zaidi na mkanda wa kuifunga juu, na chini yake sharti pawe tambarare pote. Ubao huo mnene ndio unaopandisha bei, kwani unaagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kwa nyumba ya kawaida, ushauri wetu ni kioo. Mafundi vioo tunao katika kila mji, nyenzo zake zinapatikana, na kipande kikipasuka hubadilishwa. Ila kuna mambo mawili ya kumkumbusha fundi. La kwanza, kioo kilichokaushwa kwa moto ili kiwe kigumu, kile kinachovunjika vipande vidogo vidogo kama cha gari, hakikatwi wala hakitobolewi tena baada ya kutoka kiwandani. Matundu ya mabomba sharti yatobolewe kabla. La pili, silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu ni sumu kwa samaki. Tangi likishaunganishwa liachwe likauke kwa siku kadhaa, hata wiki nzima kwa tangi nene, kisha lijazwe maji hapohapo karakanani na lisimame siku mbili au tatu mbele ya macho ya mnunuzi.

Wako watakaotuambia: mbona matangi makubwa ya dunia yote ni ya akriliki? Ni kweli. Ndugu zetu wanaokwenda Dubai kununua bidhaa wameliona lile la Dubai Mall, lililofunguliwa 2008, lenye maji lita milioni 10 na dirisha la akriliki lenye unene wa sentimita 75. Kwa ukubwa huo kioo hakifai. Hata hivyo Februari 2010 maji yalivuja katika maungio yake na sehemu ya jengo ikabidi iondolewe watu mpaka mafundi walipoziba. Na Berlin, Ujerumani, alfajiri ya Ijumaa tarehe 16 Desemba 2022, tangi la AquaDom lililosimama katika ukumbi wa hoteli, lenye lita milioni moja, lilipasuka ghafla. Takriban samaki 1,500 walikuwamo na karibu wote waliangamia, na watu wawili walijeruhiwa. Lau ingekuwa mchana, wakati ukumbi umejaa, tungesimulia habari nyingine. Wataalamu waliochunguza mabaki hawakuweza kuthibitisha chanzo kimoja. Miongoni mwa waliyoyataja ni maungio ya gundi, na kukauka kwa akriliki tangi lilipokuwa tupu kwa ajili ya matengenezo. Hao ni watu wenye wahandisi na bima. Sisi wa sebuleni tuna nini?

Gharama ya tangi haiishii siku ya kulileta. Pampu ya wati 50 inayofanya kazi usiku na mchana hula uniti 36 za umeme kwa mwezi, na hiyo ni pampu peke yake, bila taa. Umeme ukikatika saa nyingi, samaki waliojazana hukosa hewa, hivyo yatakiwa pampu ndogo ya betri. Maji hubadilishwa sehemu yake kila wiki. Katika tangi la lita 980, asilimia 20 ni karibu lita 200, na kwa mitaa inayonunua maji kwa madumu hilo ni madumu kumi. Maji ya bomba yenye klorini hutiwa dawa kwanza. Halafu kuna subira, ambayo watoto hawaipendi: tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili vijidudu vinavyoondoa sumu ya uchafu wa samaki vizaliane. Anayetia samaki thelathini siku ya kwanza atawatoa maiti wiki ya pili. Tunawakumbusha hapa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Samaki naye hana pa kukimbilia. (Na kwa kuwa tumewataja samaki: ziwa letu la Tanganyika lina aina nyingi za samaki wa rangi wasiopatikana kwingine duniani, na Wazungu huwafuga majumbani mwao kwa fahari, huku sisi tukiagiza wa Asia. Anayewataka wa Kigoma awanunue kwa mwenye kibali, na ajue kwamba wamezoea maji magumu yenye chumvichumvi za mawe.)

Sasa mkataba, ambao kwetu sisi ndio moyo wa maneno haya. Kumwagiza fundi atengeneze kitu kwa vipimo, kwa nyenzo zake mwenyewe, ndiko mafakihi wanakokuita istisnaa. Wanazuoni wa Kihanafi waliuruhusu mkataba huu kwa sababu ya haja ya watu. Jamhuri ya wengine, na miongoni mwao Shafi wetu wa pwani, hawakuukubali ila kwa masharti ya salam, yaani bei yote ilipwe palepale. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah 1992, lilikata kwamba istisnaa ni mkataba unaowafunga pande zote mbili, madhali jinsi ya kitu, aina, kiasi na sifa zake zimebainishwa na muda umewekwa. Na kwamba bei yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Uamuzi huo ni rehema kwa mnunuzi, kwani unamwezesha kubakisha fungu la mwisho mpaka tangi lisimame na maji bila kuvuja.

Basi iandikwe: kioo au akriliki, unene wa milimita ngapi, vipimo vitatu, matundu mangapi, siku ya kukabidhi, na nani anabeba hasara likipasuka njiani. Wengi hawaandiki kwa kuwa fundi ni mtoto wa jirani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara ilipoamrisha kuandikiana madeni haikuwatoa watoto wa majirani.

Na wapo wanaojiona werevu, wakanunua vioo wenyewe na kumpelekea fundi aunganishe tu, ili kupunguza bei. Wajue wamebadilisha mkataba. Hiyo si istisnaa tena bali ni ijara, fundi anauza kazi ya mikono yake, na kioo ni chako. Kikivunjika mikononi mwake bila uzembe, wanazuoni wamekhitalifiana kama atadhamini au la, na mahakama yako itakuwa ni kibarazani, kwa makelele. Muachie fundi nyenzo na kazi vyote viwili, hata kama bei itapanda kidogo. Hasara ya kabla ya makabidhiano itakuwa juu yake.

Imebaki arubuni. Jamhuri ya wanazuoni waliikataza ile inayopotea mnunuzi akighairi, Mahanbali wakairuhusu, na Baraza hilohilo likairuhusu 1993 kwa sharti muda wa kungoja uwe umewekwa. Kwa hiyo fundi akikuomba arubuni ya kununulia kioo, mpe, na iandikwe katika karatasi ileile kwamba ni sehemu ya bei, na itafanywa nini ikiwa wewe utaghairi, na itarudi siku gani ikiwa atakayeshindwa ni yeye.