Funga Kompyuta Kabla Hujainuka Kitini



Juma hili tuzungumze juu ya kompyuta, nawe usifunue ukurasa upesi kwa kudhani kwamba habari hii ni ya watu wa mjini. Siku hizi vyama vingi vya ushirika wa mazao vinazo kompyuta, shule zinazo, na ofisi za parokia vilevile. Tena mwana akirudi likizo kutoka chuoni huenda akaja nayo mkobani, akaiweka juu ya meza ileile mnayolia ugali.

Tuseme wewe ni karani wa ushirika wa kahawa. Saa tatu asubuhi umefungua kompyuta kwa neno lako la siri, nawe unaandika kilo za kila mkulima. Mara unaitwa mizanini. Unainuka, unakwenda, unakawia robo saa. Nyuma yako wamebaki wakulima wanaongoja zamu, kijana anayefagia, na mtoto aliyetumwa kuuliza bei. Mmoja wao akiketi kitini pako na kuongeza tarakimu moja kwenye kilo zake, kazi hiyo haimalizi dakika moja. Jioni hesabu ya kompyuta haipatani na ya mizani. Kompyuta ikiulizwa ni nani aliyeandika, itajibu kwamba ni karani, saa tatu na dakika arobaini. Haijui uso wa mtu. Yajua jina tu la yule aliyefungua mlango.

Zamani katika daftari la wino mwandiko ulikuwa shahidi. Watu waliujua mwandiko wa karani wao, jinsi alivyoukunja mkia wa tisa yake. Kwenye kompyuta tisa ya mwivi na tisa ya mwaminifu ni moja.

Wala huo si mwisho wa madhara. Wewe wajua kwamba hukuandika. Basi unaanza kuwahesabu waliokuwamo ofisini, na yule kijana wa ufagio, kwa kuwa hana wa kumsemea, ndiye anayetajwa kwanza. Pengine hakugusa kitu. Lakini atajiteteaje? Fedha iliyopotea mwaka huu yaweza kulipwa mwakani; bali jina la mwivi humfuata mtu kijijini hata kwenye harusi ya mtoto wake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kufunga kompyuta ni kuwatukana wenzako kwa kuwashuku. Unawaondoa katika shaka kabla shaka haijazaliwa. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo imeharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu pasipo ruhusa. Ni vizuri iwepo, lakini sheria haikai ofisini kulinda kiti chako.

Haya, kufunga kwenyewe ni rahisi kuliko kufunga banda la kuku. Kwenye kompyuta za Windows, shika kitufe chenye alama ya dirisha, kisha bonyeza herufi L. Kwenye zile za Mac, shika Control na Command pamoja, ubonyeze Q. Mara hiyo skrini inafunikwa, na hapana awezaye kuendelea mpaka aandike neno la siri. Wengi hawafungi kwa sababu wadhani kufunga ni sawasawa na kuzima, na kuwasha tena kwachukua muda. Sivyo. Kazi yako inabaki nyuma ya pazia kama ulivyoiacha, hata herufi ya mwisho. Ukirudi na kuandika neno lako, waikuta pale pale.

Na kwa kuwa binadamu husahau, iagize kompyuta ijifunge yenyewe isipoguswa kwa dakika kadhaa. Katika mipangilio yake utapata mahali pa kuchagua. Mimi nasema dakika tano zatosha nyumbani. Katika ofisi ipitwayo na watu, mbili. Tangu mwaka 2017 Windows yaweza pia kuunganishwa na simu yako, ili ukiondoka nayo mfukoni kompyuta ijifunge. Mimi siiamini sana. Haifungi papo hapo, tena wako watu wengi waachao simu juu ya meza ileile.

Lakini tahadhari na picha. Kompyuta nyingine ikiachwa huonyesha samaki wanaoogelea au nyota zinazokimbia, na mwenyewe hudhani imefungwa. Picha hizo zilianza kwa sababu nyingine kabisa: vioo vya zamani vilikuwa vikiungua alama pale picha moja ilipokaa muda mrefu bila kuondoka. Baadaye ndipo neno la siri lilipoongezwa juu yake. Ukigusa kitufe na samaki wakakimbia bila kukuuliza neno, ujue hapo hapana kufuli. Na hata kufuli lenyewe lilikuwa dhaifu zamani: katika Windows 95 mtu aliweza kuizima mashine na kuiwasha upya, akaingia.

Usifikiri kwamba mambo hayo yamekwisha. Mwezi Januari 2021 ilijulikana habari ya baba mmoja aliyekuwa akitumia Linux Mint, aina ya mfumo wa kompyuta utolewao bure. Watoto wake walitaka kucheza na kompyuta yake iliyofungwa. Akawaacha, akasimama nyuma akiwatazama. Wakapiga vitufe vya kibodi ovyo, na wakati uleule wakabofya kwenye ile kibodi nyingine ichorwayo juu ya skrini. Mlango ukafunguka! Akadhani ni bahati, nao wakafanya tena. Ilikuwa kwamba kibodi ile ya kuchorwa, ikipata herufi fulani, huanguka, nayo huiangusha pamoja nayo programu nzima ya kufunga. Mmarekani Jamie Zawinski, aliyetunga programu ya kufunga iitwayo XScreenSaver mwaka 1992, alikuwa ameonya juu ya jambo hilo miaka mingi kabla: programu ilindayo mlango iwe ndogo, isibebeshwe mapambo, maana kila pambo laweza kuanguka nayo. Kosa lile lilizibwa mwezi uleule, lakini kiraka humfaa yule tu akipokeaye. Kompyuta yako ikikuomba masahihisho mapya, usiikatalie mwaka mzima.

Sasa neno la siri lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na hata wenye elimu kubwa yamewapata. Katika chuo cha MIT huko Marekani kulikuwa na kompyuta moja iliyotumiwa na watu wengi, kila mtu kwa neno lake na kwa saa alizogawiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa zake hazimtoshi. Akaiomba mashine imchapie faili yenye maneno ya siri ya watu wote, nayo ikamchapia. Hakutoka nje usiku akiwa na nyundo. Alikuwa mwenzao wa kila siku.

Kwa hiyo usitumie jina la mtoto wako wa kwanza, kwa maana kijiji kizima kilikuja ubatizoni. Wala usiliandike kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba urefu wa neno una nguvu kuliko alama za ajabu. Chukua maneno manne yasiyohusiana, kama vile mbuzi, daraja, kikapu, Jumanne. (Hayo manne usiyatumie, maana yamekwisha kuchapwa gazetini.)

Baba na mama watauliza: Je, tufichane? Kompyuta ya nyumbani ni ya nyumba. Mkijuana maneno yenu hapana ubaya. Ile ya ushirika au ya shule si ya nyumba, na mke wa mhasibu hana haja ya neno lile, naye mhasibu akimnyima asimwone amekosa upendo. Watoto wafungulieni sehemu yao katika mashine, yenye neno lao wenyewe, ili mtoto achezaye asifute barua ya baba kwa bahati mbaya.

Jambo moja kufuli hili haliwezi. Mwivi akiichukua mashine nzima aweza kuitoa diski yake na kuisoma kwenye mashine nyingine, isipokuwa yaliyomo yamefumbwa kwanza. Windows nyingi wanayo BitLocker kwa kazi hiyo, na Mac wanayo FileVault. Mwambie fundi aiwashe, na ule ufunguo mrefu atakaokupa uuandike karatasini na kuufungia sandukuni, mbali na kompyuta. Na karani akihama, asimwachie mrithi wake neno lake la siri kama mtu aachavyo kiti. Mrithi afunguliwe jina lake mwenyewe siku ileile, na la kwanza lifungwe.