Jomo wa Mwezini: Jina Lisilo na Lugha

Katika ule uso wa mwezi unaotuelekea daima pana shimo la mviringo, au kasoko kama wasemavyo watu wa jiografia, lenye kipenyo cha kilomita 7 hivi. Halionekani kwa jicho tupu. Hutakikana darubini nzuri na usiku usio na vumbi. Liko kando ya milima iitwayo Montes Apenninus, yapata kilomita 60 kutoka mahali walipotua Wamarekani David Scott na James Irwin wa chombo cha Apollo 15 Julai 1971. Jina lake rasmi, lililoidhinishwa mwaka 1976 na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ni Jomo.

Msomaji Mkenya asiharakishe kupiga makofi. Katika daftari la majina la Umoja huo, asili ya kila jina hutajwa kwa maneno machache. Karibu kabisa na Jomo kuna kasoko liitwalo Béla, na daftari lasema ni jina la kiume la Kihungari. Jirani yao ni Carlos, nalo ni jina la kiume la Kihispania. Ukifika kwa Jomo utasoma kwamba ni jina la kiume la Kiafrika. Basi. Hakuna nchi, hakuna lugha, hakuna kabila. Béla ana kwao, Carlos ana kwao, Jomo ana bara.

Jambo hili nililisimulia mbele ya walimu na wanafunzi wa kidato cha tatu mjini Modogashe, katika mkutano ulioandaliwa kwa ajili ya kuzungumzia ufundishaji wa Kiswahili. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Daktari," akauliza, "Kiafrika huzungumzwa wapi?" Darasa likaangua kicheko, na mimi pia nikacheka, lakini swali lile ndilo hasa analopaswa kuuliza mwanaisimu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Kwanza tueleze kasoko lilivyopata jina, maana habari yenyewe haina njama yoyote. Safari za mwisho za Apollo zilirudi na picha za mwezi zilizopigwa kwa kamera za ustadi mkubwa. Kutokana na picha hizo Wamarekani walichora ramani za kina, na mchora ramani ana shida moja isiyokwisha: kila kitu kinachoonekana kwenye karatasi yake kinadai kuitwa. Wanasayansi mashuhuri waliokwisha kufariki hawangetosha kwa kila kishimo, tena haikuwa heshima kumpa mtaalamu mkubwa kasoko la kilomita mbili. Ndipo yakatumika majina ya kawaida ya watu, ya kiume na ya kike, yakiokotwa huku na huko duniani ili pasiwe na taifa litakalolalamika kwamba limeachwa. Kwa njia hiyo mwezi ukapata Fairouz na Natasha, Yoshi na Ravi. Majina haya hayamkumbuki mtu yeyote. Ni vibandiko tu, kama zilivyo namba za nyumba.

Lakini Jomo si jina la namna hiyo, na hapa ndipo daftari linapojikwaa. Carlos huwezi kumtafutia mwenyewe. Wamekuwapo kwa maelfu kwa karne nyingi. Jomo tunaweza kumtafutia. Mtoto aliyezaliwa Gatundu aliitwa Kamau, jina la jadi ya Wagikuyu. Wamisheni walimbatiza Johnstone. Kenyatta lilikuja baadaye, likihusishwa na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Jina la Jomo lilitokea kwenye jalada la kitabu chake kuhusu mila za Wagikuyu kilichochapishwa London mwaka 1938, naye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye zaidi ya miaka arubaini. Kwa desturi ya kwao mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Jomo halikutoka kwa babu yeyote. Mtu alijiita mwenyewe, ugenini, akijua anakusudia nini. Kila Jomo niliyepata kumfundisha chuoni jina lake lina mzizi katika jalada lile. Na halikuishia kwetu: mchumi mashuhuri wa Malaysia aliyezaliwa mwaka 1952 aliitwa na wazazi wake Jomo Kwame, kwa heshima ya viongozi wawili wa Afrika.

Sasa tazama kitendawili. Kanuni za Umoja wa Wanafalaki hukataza kumtukuza mtu angali hai, na Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, miaka miwili baada ya jina kuidhinishwa. Kanuni hizo hizo hukataza majina yenye maana ya kisiasa, isipokuwa ya watawala waliotangulia karne ya 19. Kwa hiyo Jomo wa mwezini, kisheria, hawezi kuwa Jomo wetu. Ili apite mlangoni ilibidi awe mtu yeyote tu, wa popote katika bara lenye lugha zaidi ya elfu mbili. Sidhani kwamba kulikuwa na dharau ya makusudi. Ulikuwa uzembe wa karani aliyeandika alichokijua, na alichokijua kilikuwa kidogo. Hata hivyo uzembe wa makarani ndio uandikao sehemu kubwa ya historia ya majina.

Ushahidi uko huko huko mwezini. Mwaka 1651 padri wa Kitaliano, Giovanni Riccioli, alichapisha ramani ambayo ndiyo chimbuko la utaratibu unaofuatwa hadi leo, wa kuyapa makasoko majina ya wataalamu. Alikuwa muungwana wa elimu. Aliwaweka wanafalaki wa Kiislamu pamoja na wa Kiyunani. Ila aliwaweka kwa majina yaliyokwisha kupondwapondwa na wanakili wa Kilatini. Al-Battani akawa Albategnius. Al-Sufi, aliyeandika kitabu cha nyota katika karne ya 10, akawa Azophi. Khalifa al-Ma'mun akawa Almanon. Mwanafunzi wa Garissa aliyesoma madrasa angepita juu ya ramani nzima asijue kwamba amepita nyumbani. Kwa kulinganisha, mwaka ule ule wa 1976 kasoko jingine lilipewa jina la Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na jina lake likaandikwa kama linavyopaswa. Karne tatu za kusoma Kiarabu vizuri zaidi zilikuwa na faida.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya mbali, nasi tuna ukame na barabara. Nakubali kuhusu ukame. Lakini Kenya imewahi kutoa jina angani, na jina lile halikuokotwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339. Msimamizi wa mradi, Bibi Marjorie Townsend, aliiita Uhuru, kwa shukrani kwa watu wa nchi iliyowakaribisha. Wanafalaki wa dunia nzima hulitamka neno hilo hadi sasa. Wachache kati yao wajua kwamba mzizi wake ni wa Kiarabu na mavazi yake ni ya Kiswahili, lakini angalau lugha yake yajulikana.

Mfano wa pili ni mpya, nao ndio unaonifurahisha zaidi. Mwaka 2022 Umoja wa Wanafalaki ulialika mataifa yapendekeze majina ya sayari zinazozunguka jua nyingine. Kikundi cha Wakenya kilipendekeza majina ya Kimaasai kwa nyota moja nyekundu iliyo umbali wa miaka 48 hivi ya mwanga na kwa sayari yake iliyogunduliwa mwaka 2009. Mwaka 2023 yakakubaliwa. Nyota yaitwa Orkaria, yaani ile ngeu nyekundu wanayojipaka Wamaasai. Sayari yaitwa Enaiposha, yaani maji mengi, ziwa au bahari. Mwanafunzi wa isimu atalitambua neno la pili mara moja. Ndilo lile lile ambalo Wazungu walilisikia kando ya ziwa katika Bonde la Ufa, wakalitamka wawezavyo, wakaliandika Naivasha. Ziwa limebaki na kosa la tahajia, sayari imepata neno lenyewe. Sijui kama kuna mji mwingine duniani ambao jina lake limeandikwa vyema zaidi angani kuliko kwenye kibao cha barabarani.

Kati ya "Kiafrika" cha mwaka 1976 na Kimaasai cha mwaka 2023 hakuna kilichobadilika isipokuwa kimoja: safari hii walioandika walikuwa wenye lugha.

Nirudi Modogashe, maana nilikwenda huko kwa ajili ya majina ya ardhini. Mji huu, makao ya Lagdera, uko kwenye makutano ya njia za Garissa, Wajir na Isiolo, na kwenye mpaka wa kaunti mbili ambao haujaacha kubishaniwa. Ramani humwandika Modogashe, Mado Gashi na Modo Gashe, kila mchoraji na sikio lake. Mwaka 2001 wazee wa jamii za wafugaji walikutana hapa wakaafikiana juu ya malisho, maji, mifugo iliyoibwa na fidia ya damu. Makubaliano yao yajulikana kama Azimio la Modogashe, nayo yalipitiwa upya Garissa mwaka 2005. Atakayeyasoma ataona kwamba kupatana juu ya kisima ni lazima kwanza mpatane kinaitwaje. Penye majina mawili aghalabu pana madai mawili.

Anga la huku nalo halikuwa likingoja daftari la mtu. Waborana wa Isiolo na jirani zao wana kalenda ya miezi 12 inayofuata mwandamo wa mwezi, na majina 27 ya siku. Wataalamu wao, ayyaantu, huulinganisha mwezi na nyota maalumu: Kilimia wakiita Busan, na ile nyota ing'aayo kuliko zote wakiita Basa. Asmarom Legesse aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1973. Kwa upande wa Wasomali, Muusa Galaal alikwisha kukusanya istilahi zao za nyota na majira mwaka 1968. Hata lugha zenyewe zaugawa mwezi kwa njia tofauti: Kiborana, kama Kiswahili, hutumia neno moja, ji'a, kwa mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, Kisomali hutenganisha dayax na bil. Ni somo zuri la semantiki kwa kipindi kimoja, bila gharama ya chaki nyingi.

Jambo zito zaidi nililiona katika orodha za wanafunzi. Kisomali kina maandishi yake rasmi ya Kilatini tangu mwaka 1972, ambamo x ni ile ha nzito ya Kiarabu na c ni ain. Huku kwetu makarani hufuata mazoea ya Kiingereza. Kwa hiyo Maxamed na Maxamuud, majina mawili mbalimbali kabisa, hujikuta yote yameandikwa Mohamed. Kisha yule wa pili akipata cheti cha kuzaliwa anakuwa Mohamud, na kwenye cheti cha mtihani anakuwa Mohammed. Kijana mmoja ana watu watatu kwenye karatasi. Mahali pengine nchini ungekuwa usumbufu wa kula kiapo mbele ya wakili na kulipa ada. Katika Kaskazini Mashariki, ambako kwa miongo mingi mwombaji wa kitambulisho aliwekwa kwenye mchujo wa ziada ili athibitishe uraia, herufi moja ilitosha kuzua shaka. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba mchujo huo umefutwa. Ni hatua ya haki iliyochelewa. Hata hivyo tangazo la rais halisahihishi tahajia. Jina lililopotoshwa darasa la kwanza litamfuata mwenyewe hadi kwenye pasipoti.

Mwenye kulizuia hilo si wizara, ni mwalimu. Usajili wa mitihani ya kitaifa hufanywa shuleni, na orodha hupita mikononi mwake kabla haijafika kwingine kokote. Niliwaomba walimu wa Modogashe wafanye jambo dogo: kabla ya kutuma orodha, kila mwanafunzi alitamke jina lake kwa sauti, alilinganishe na cheti cha kuzaliwa, na pale ambapo karatasi zimetofautiana mzazi aitwe mapema, isingojewe siku ya kuomba kitambulisho. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba darasa lake lina wanafunzi zaidi ya sitini. Nilimwambia ni asubuhi mbili. Yule kijana wa swali la Kiafrika alikuwa wa kwanza kusimama; jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili.