Heshima ya Kiti Inaharibu Miguu ya Mzee



Kwetu mtoto mwenye adabu hamwachi baba yake mzee kuhangaika. Anamletea kiti, anamletea maji ya kunawa, anamletea bukari pale pale alipo. Ni desturi nzuri. Lakini mimi, kama msaidizi wa mganga, nasema wazi: heshima hiyo ikizidi, inamgeuza mzee mzima kuwa mgonjwa.

Sababu ni hii. Misuli ni kama chombo cha kazi: kisipotumiwa kinapata kutu. Mtu anayekaa toka asubuhi hadi jioni, misuli ya mapaja yake inapungua. Siku moja hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Kisha hawezi kwenda chooni peke yake. Hapo amepoteza kitu ambacho pensheni hainunui: kujitegemea. Na akianguka na kuvunja mfupa wa nyonga, jamaa yote inalipa.

Wengine watajibu: «Baba alipiga kazi ya mgodi miaka 30, mazoezi yake yanatosha.» Hapana. Nguvu haiwekwi akiba kama feza. Inatengenezwa kila juma. Na umri hauzuii. Mwaka 1990, waganga wa Boston, Marekani, walitoa habari ya wazee wachache wa miaka karibu 90 waliozoeza miguu kwa uzito muda wa majuma 8: nguvu ya mapaja yao ilipita mara mbili ile ya kwanza. Huko New Zealand, mazoezi ya nyumbani yaitwayo Otago, yaliyoanza katika miaka ya 1990, yalipunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu theluthi moja. Mtu wa afya aliwatembelea nyumbani, akampimia kila mmoja mazoezi yake, akaongeza kidogo kidogo.

Neno kubwa ni kupima. Fundi cherehani hashoni suruali moja kwa watu wote. Mwenye magoti yanayouma aanze na kiti kirefu. Mwenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mgodi afanye mara chache, apumzike, kisha aendelee. Na muulizeni mzee mwenyewe: «Baba, unataka kufanya nini peke yako?» Mmoja atasema kwenda chooni usiku, mwingine, kufika kanisani, mama mzee atataka kuinama katika bustani yake. Mazoezi yafuate jibu hilo.

Kwa wazee wengi, haya yanafaa kuanzia:

1. Kukaa kitini na kusimama bila kutumia mikono, kama anaweza. Mara 5, baadaye mara 10.

2. Kushika meza nzito na kuinua visigino, mara 10.

3. Kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mkono ukiwa karibu na meza. Ahesabu hadi 10.

4. Akiwa amekaa, afungiwe mguuni kifuko cha mchanga cha nusu kilo, anyooshe goti polepole, mara 10 kila mguu. Ikiwa rahisi, ongezeni mchanga.

Afanye hivyo siku 3 kwa juma, akifikia nusu saa polepole. Siku nyingine atembee.

Usalama kwanza. Kiti kisukumwe ukutani kisiteleze. Avae viatu vinavyoshika mguu. Mtu mwenye nguvu asimame karibu, bila kumbeba. Mwenye ugonjwa wa moyo, tansio au mfupa uliovunjika hivi karibuni apite kwanza dispansere. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache mara moja na kupelekwa kwa mganga.

Kazini tunavaa kofia ngumu kabla jiwe halijaanguka. Nyumbani pia tusingoje mzee aanguke ndipo tutafute fimbo. Kijana, usimnyang'anye baba yako kazi zote za lupango. Mwachie kufagia mbele ya mlango, kumwagilia mboga, kujichotea maji ya kunywa. Atachelewa, ndiyo, mvumilie. Dakika hizo chache ndizo zinazolinda miguu yake, na miguu hiyo ndiyo uhuru wake.