Kichwa cha Mtoto, Mfuko wa Mzazi

Mwaka jana, katika juma moja, nilishuhudia mambo mawili ambayo hadi leo sijaweza kuyapatanisha. Mwanangu alijigonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, akalia, akanyamaza, akaomba chai. Kwa kuwa tuna kadi ya bima, hospitali tuliyompeleka ilimfanyia CT scan ya kichwa kabla daktari hajamgusa. Siku tatu baadaye mtoto wa jirani yangu, mama muuza mboga, aligongwa na bodaboda. Alitapika mara kwa mara, akawa anasinzia na kushindwa kumtambua mama yake. Hospitali nyingine ilimwambia mama alipe kwanza. Kipimo kilifanyika kesho yake jioni, baada ya mchango wa mtaa mzima. Damu ilikuwa imevilia ndani ya fuvu.

Asiyehitaji alipewa, aliyehitaji alizungushwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hospitali si bucha.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mashine zaidi. Mashine tunazihitaji, ila hazitatibu ugonjwa huu. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Nathan Kuppermann na wenzake juu ya watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa, wakafikishwa wakiwa na fahamu kamili au karibu kamili katika idara 25 za dharura Amerika ya Kaskazini. Zaidi ya theluthi moja walifanyiwa CT scan. Waliokutwa na jeraha la hatari la ubongo hawakufika mmoja kwa mia.

Utafiti huo ulizaa kanuni zisizohitaji hata umeme. Mtoto amebadilika akili? Alipoteza fahamu? Anatapika? Kichwa kinamuuma vikali? Ajali ilikuwa ya kishindo? Kuna dalili kwamba fuvu limevunjika upande wa chini? Mwenye miaka miwili au zaidi asiye na hata moja kati ya hizi, uwezekano wa kuwa na jeraha la hatari ni chini ya mmoja kwa elfu. Kwa aliye mdogo zaidi, daktari hupapasa fuvu na kumwuliza mzazi kama mwanawe yu katika hali yake ya kawaida.

Mionzi nayo si maji ya kunawa. Mwaka 2012 jarida hilohilo lilitoa uchunguzi wa Mark Pearce na wenzake, uliofanyika Uingereza, ulioonyesha kwamba kadiri mionzi ya CT scan utotoni inavyozidi, ndivyo hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo inavyopanda. Kwa mtoto mmoja hatari hiyo ni ndogo, na kwa mwenye damu kichwani haifai kumzuia yeyote kupima. Lakini kwa aliyeomba chai, faida ilikuwa ipi?

Daktari kijana atanijibu kwamba akikosea atalaumiwa, na picha humlinda. Namwelewa. Hata hivyo, hofu ya daktari haitibiwi kwa mionzi ya mtoto. Tena picha huingiza fedha papo hapo, ilhali muuguzi anayemwangalia mtoto kitandani kwa saa kadhaa haonekani katika hesabu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kanuni za namna hii zibandikwe katika kila chumba cha dharura, na utekelezaji wake ukaguliwe. Bima igharamie uangalizi, na idai sababu ya kitabibu kabla ya kulipia picha. Na mtoto mwenye dalili za hatari apimwe kwanza. Habari ya malipo ije baadaye.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, kalamu iko mikononi mwako. Mtoto wa jirani yangu alipasuliwa, akapona, lakini mkono wake wa kulia haujarudiwa na nguvu; sasa anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Picha ya mwanangu iko kabatini, haijatazamwa tena na mtu yeyote.