Kabla ya Kumpokea Mtoto wa Mwenzio



Mikoa yetu ya Mbeya na Iringa imezika wazazi wengi vijana kwa sababu ya UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Ndiyo maana kila mara baada ya ibada huwapo mama anayesema: "Dada, nataka kumlea yatima mmoja." Neno jema. Lakini mtoto hachukuliwi kama kifaranga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, nayo si sawa na kuasili. Unamtunza mtoto, lakini bado ana ukoo wake. Mlezi awe amezidi miaka 21, mwenye mwenendo mwema. Mchungaji anaweza kukushuhudia tabia, ila hawezi kukukabidhi mtoto. Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, naye atataka kuiona nyumba.

Wengi huogopa hapo: "Nyumba yangu ya tope, sina kochi." Mama, kochi halilei mtoto. Tegemea kuulizwa atalala wapi na pamoja na nani, ukienda shambani atabaki na nani, na kama nyumbani kuna mlevi. Usiudhike baba akihojiwa peke yake, na watoto vilevile. Baba aliyekubali ili kukunyamazisha hajakubali.

Swali zito ni hili: unamtakia nini? Kwa miaka mingi mabinti wa Iringa wametafutwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Anayeomba "binti wa miaka 12, mchapakazi" anatafuta mtumishi. Jipime: wanao wakiwa shuleni, yeye atakuwa wapi?

Tena, mtoto aliyefiwa huweza kukojoa kitandani hata akiwa mkubwa, au kuficha chakula chini ya godoro. Huo si ukaidi, ni majonzi. Kama anatumia dawa za VVU, nani atamkumbusha kila siku?

Kaeni na baba na watoto mlijibu hili kabla afisa hajabisha hodi. Mkiona hamwezi, semeni mapema, si aibu. Mtoto anayepokelewa kisha akarudishwa hufiwa mara ya pili.