Uhuru Uliopita Juu ya Ziwa

Wapo mafundi wa ushairi, wa visiwani na wa mwambao, washikiliao kwamba roketi na safari za anga si mambo ya kutungiwa kwa Kiswahili. Hizo, wasema, ni habari za ugenini, na lugha ya bahari na mapenzi haikuumbwa kuzibeba.

Hoja hiyo haina mashiko. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Jina lake lilikuwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti, akatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa hisani. Kwenye ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ielekeayo mashariki huipata kasi hiyo bure. Mwanza imo katika ukanda huohuo. Basi Uhuru ilipita mara nyingi kwa siku katika anga ya Ziwa Victoria, juu ya wavuvi wa dagaa wangojao giza ili wawashe karabai zao. Neno la Kiswahili lilipita bila kuuliza nani wa pwani, nani wa bara.

Hata hivyo, jina si umiliki. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia. Afrika Mashariki ilitoa bahari na neno. Na aibu ipo hapa: wageni waliona Kiswahili chafaa kupelekwa angani, ilhali wenyewe wanakiona hakifai kuisimulia safari hiyo. Kijana wa sekondari Mwanza hufunzwa fizikia kwa Kiingereza. Akimgeukia mshairi wa pwani, huambulia kuchekwa matamshi.

Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa Urusi aliyejisomea mwenyewe kwa sababu ya uziwi, alichapisha hesabu za roketi mwaka 1903, miaka 54 kabla ya Sputnik. Roketi hakuwa nayo. Aliandika kwa Kirusi, lugha ya majirani zake, na vijana wakamsoma.

Awezaye kupanga vina vya kati na vya mwisho aweza kuieleza roketi. Asiyetaka na aseme hataki, asiisingizie lugha.